Waandishi wa tamthilia za roboti, mfiwa si zuzu!

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naliweka hapa kama lilivyo.

Juzi usiku nimemaliza sehemu moja ya tamthilia ya kisayansi. Sitaitaja, maana ubovu huu si wake peke yake, ni mtindo mzima umezoeleka. Kuna mama ni fundi mkuu wa kituo cha anga za juu. Mumewe alifariki kwenye ajali mwaka mmoja kabla, na huyu mama ndiye mwenye namba za kufungulia chumba cha mitambo. Usiku mlango unagongwa, anafungua, mume huyo hapo kasimama. Koti lilelile, kovu lilelile juu ya nyusi. "Nimerudi. Nilinusurika." Mama analia, anamkumbatia, anamkalisha kitandani. Niliangalia saa: dakika 4 baadaye ameshazitaja namba zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesomewa orodha. Hapohapo macho ya mume yanawaka mekundu. Kumbe roboti. Mlio, moshi, watu wanakimbia.

Dakika 4, jamani! Mtu aliyemzika mumewe kwa mikono yake.

Hamuulizi hata swali moja? Mwaka 1991, kwenye filamu ya Terminator 2, mtoto anataka kupiga simu nyumbani, na sauti ya mama mlezi inapokea vizuri tu, tena kwa upole. Roboti inayomlinda mtoto inachukua simu, inaiga sauti ya mtoto, inauliza kuhusu mbwa kwa kutaja jina ambalo si la mbwa yule. Upande wa pili unajibu mbwa hajambo. Basi, imekwisha, tapeli, yaani roboti adui iliyojifanya mama mlezi, kajulikana kwa jina la mbwa. Filamu ya risasi na magari kupinduka ilijua kwamba tapeli hunaswa kwenye jambo dogo la nyumbani. Leo mnatuandikia mjane, tena fundi mkuu, ambaye hana hata jina moja la mbwa kichwani mwake.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu mimi nimefiwa. Mdogo wangu ametutoka miaka sita sasa. Kwenye simu yangu kuna ujumbe wake wa sauti wa sekunde 11. Anasema: "Kaka, ukifika nipigie. Nisipopokea piga tena." Maneno ni hayo tu. Lakini kati ya "piga" na "tena" kuna pumzi anaivuta kwa shida kidogo, maana alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwishoni kabisa kuna mlio wa funguo zinawekwa juu ya meza. Nimeusikiliza ujumbe huo mara ambazo siwezi kuzihesabu. Niletee mashine inisomee maneno yaleyale kwa sauti yake, iache ile pumzi, nitajua kabla haijafika "tena". Mfiwa ndiye mtaalamu wa marehemu wake. Hakuna mtu kwenye kile kituo, si nahodha, si wale walinzi wenye bunduki, aliyekuwa na uwezo wa kuikamata ile roboti mapema kuliko yule mama. Mwandishi kachukua mtu mwenye macho makali kuliko wote humo ndani akamfunga kitambaa usoni, kisha akaiita hiyo "nguvu ya upendo".

Kuna utafiti ambao ningependa kila mwandishi wa hadithi hizi ausome kabla hajagusa kalamu. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walimwambia kwamba baada ya mwenza kufariki waliwahi kumhisi yupo, au kumwona, au kumsikia. Hawakuwa vichaa. Na wengi wao hawakuwahi kumsimulia mtu yeyote mpaka daktari alipowauliza.

Hebu tafakarini hiyo habari ya kunyamaza. Mfiwa ameshakutana na marehemu wake mara nyingi, jikoni, kwenye kona ya ukumbi, akiwa nusu usingizini, na kila mara amejifunza kuwa akigeuka hakuna mtu. Siku marehemu akigonga mlango kweli, huyu mtu hatarukia shingo. Atasimama. Atangoja aondoke kama anavyoondokaga. Asipoondoka, hatamwambia mtu, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu. Hapo ndipo roboti tapeli ingepata nafasi yake ya kweli! Ingekaa chumbani kwa yule mama wiki tatu, mama akifunga mlango kwa ufunguo kila anapokwenda kazini, akiwadanganya wenzake kwamba anaumwa kichwa, akibeba sahani mbili. Angejua ni mashine tangu usiku wa kwanza. Na bado angeifungia ndani.

Hilo ndilo hawalitaki, kwa sababu ni gumu kuliandika. Wamekariri kwamba ukijua ni mashine, umepona. Nani kawaambia? Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa programu yake ya ELIZA, kitu chepesi sana ukilinganisha na za leo. Ilikuwa inachukua maneno yako inakurudishia kama swali. Ukimtaja mama yako, inakuomba uieleze zaidi kuhusu familia yako. Katibu wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, anajua kabisa ndani hamna mtu. Alipoketi kuzungumza nayo, baada ya sentensi chache alimwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache wawili. Februari 2020 televisheni ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyevalishwa miwani ya kompyuta na glavu ili akutane na picha ya binti yake aliyefariki akiwa na miaka 7. Yule mama alijua yuko studio. Alijua kamera ziko wapi. Mikono yake ilinyooka yenyewe kumtafuta mtoto hewani. Nilipoiona niliizima, nikarudi kuimalizia siku nyingine.

Kwa hiyo msiniambie "ni hadithi tu mkuu, mbona unachukulia moyoni". Juni 2022 Amazon walipanda jukwaani wakaonyesha Alexa, programu yao ya kuzungumza, ikimsomea mtoto kitabu kwa sauti ya bibi yake aliyefariki. Watu wanaokuja kuuziwa vitu hivi ni wafiwa. Hadithi ndiyo ilitakiwa iwaonyeshe mtego unavyonasa. Badala yake inawafundisha kwamba mtego una macho mekundu, na anayenaswa ni mjinga.

Na wangekuwa hawana pa kujifunzia ningewaelewa, lakini njia ilishafyekwa zamani. Roboti tapeli maarufu kuliko zote za mwanzo, ile ya filamu ya Kijerumani ya Metropolis ya mwaka 1927, ilizaliwa kwenye nyumba ya mfiwa. Rotwang, yule mvumbuzi, alimpenda mwanamke aitwaye Hel. Hel aliolewa na mtawala wa mji na akafariki akijifungua mtoto wa huyo mtawala. Rotwang akaweka sanamu kubwa ya kichwa cha Hel nyumbani kwake na akaanza kuunda roboti ili amrudishe, hata mkono wake mmoja ukapotea kwenye kazi hiyo. Ni huyohuyo mtawala ndiye aliyeiona ile roboti akaamuru ivalishwe sura ya Maria, msichana ambaye wafanyakazi walimwamini, ikawavuruge. Yaani utapeli wote ule chini yake kuna kaburi. Mnajua kilichofuata? Filamu ilipofika Marekani waliikata ifupike, na habari ya Hel ikaondolewa kwa sababu kwa Kiingereza jina hilo linafanana na neno la jehanamu. Roboti ikabaki, msiba ukatupwa. Kwa miaka mingi watu wakaitazama bila kujua vizuri kwa nini Rotwang ana uchungu kiasi kile, hadi nakala ndefu ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008. Nikiangalia tamthilia za sasa naona mkasi ule bado unafanya kazi.

Japani nao, kwenye katuni za Astro Boy za Tezuka Osamu zilizoanza mwaka 1952, Daktari Tenma anafiwa na mwanawe kwenye ajali ya gari, anaunda roboti yenye sura ya mtoto, kisha anaichukia kwa sababu haikui, anaiuza kwenye sarakasi. Haikui! Neno moja, na baba mzima amefunuliwa. Hakuna aliyemdanganya Tenma. Alijidanganya mwenyewe kwa vyuma vyake mwenyewe.

Nitataja moja ya karibuni iliyofanya haki, sehemu ya tamthilia ya Black Mirror ya mwaka 2013 iitwayo Be Right Back. Martha amefiwa na Ash. Anaanza na programu ya kuandikiana, halafu sauti kwenye simu, halafu mwili mzima unaletwa nyumbani. Ngazi kwa ngazi, na kila ngazi anaipanda kwa miguu yake mwenyewe. Mwishoni anaipeleka ile roboti kwenye ukingo wa jabali refu na kuiambia iruke. Iko tayari kuruka. Martha anasema Ash wa kweli angeogopa, angelia, na papo hapo roboti inaanza kulia. Mimi nilishika mdomo. Chozi limetoka kwa sababu limeagizwa. Najua mtasema ile haikutumwa na adui, kwa hiyo si tapeli. Sawa, lakini fikirieni adui mwenye akili angefanya nini na chozi kama lile. Asingeomba namba usiku wa kwanza. Angesubiri mpaka mama mwenyewe aanze kuomba: niambie umenisamehe, niambie hukusikia maumivu. Mimi simu ya mwisho ya mdogo wangu sikuipokea, nilikuwa kazini. Alisema nisipopokea piga tena, na mimi ndiye sikupokea. Kitu kikija na sauti yake na kuniambia "haina shida, kaka", pumzi ikiwepo au isiwepo, sijui ningekipa nini. Ningekipa kingi. Na ningekuwa najua.

Hicho ndicho nilichokuwa nakidai kwa yule mama: apewe kitu cha kutaka. Mwandishi hakumpa hata ugomvi mmoja na marehemu, hata deni moja, hata neno alilolimeza. Mume kwenye ile hadithi ni koti na kovu. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kumwiga.

Na walivyommaliza ndiyo wameniwasha zaidi. Roboti inapigwa risasi, inaanguka, uso wa mume unayeyuka na mama anatazama. Wenzake wanamfokea, "Uliwezaje kutojua?" Anainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Dakika ya 50 hiyo, kamera inamfuata nahodha kwenye korido, muziki wa vita unaanza. Yule mama ameachwa sakafuni na lile koti. Mume amemfia mara mbili, na mara hii ya pili hakuna hata aliyemwambia pole.