Kuandika matokeo ya maabara: kipande kimoja cha kiazi kimekwenda kinyume na wenzake

Muulizaji

Ndugu zangu, habari za leo. Nasoma mwaka wa kwanza wa stashahada ya ualimu wa sayansi. Ripoti za maabara tunaziandika kwa Kiingereza, lakini jambo hili naomba nilielewe kwanza kwa Kiswahili. Tulikata vipande vya kiazi mviringo, vitatu kwa kila myeyusho wa sukari, tukavipima uzito, tukavitumbukiza kwa saa mbili, kisha tukavipangusa na kuvipima tena. Mkufunzi amenirudishia ripoti ikiwa na alama mbili nyekundu. Penye sentensi yangu isemayo "Vipande vilivimba kwa sababu maji yaliingia kwa osmosisi" ameandika: "Haya si matokeo." Kando ya jedwali ameuliza: "Kipande cha tatu kiko wapi?"

Ni kweli nilikiacha. Katika myeyusho wa moli 0.2 kwa lita tulipata wastani wa ongezeko la asilimia 4.1. Katika moli 0.4, vipande viwili vilipungua kwa asilimia 5.8 na 6.4, lakini cha tatu kiliongezeka kwa asilimia 5.9, na wenzangu wakasema kinaharibu grafu. Naomba kuelekezwa: sehemu ya matokeo inaandikwaje, na kipande hicho nikifanyeje?

Mwalimu wa baiolojia

Ndugu muulizaji, kosa la kwanza nimelikuta katika ripoti nyingi sana nilizosahihisha, kwa hiyo usivunjike moyo. Jiulize ni nani katika kundi lenu aliyeyaona maji yakipita kwenye utando wa seli. Hakuna. Mlichokiona ni namba kwenye mizani na ugumu wa kipande mlipokipinda kwa vidole, na hivyo ndivyo vinavyoandikwa kwenye matokeo. Osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye sukari nyingi zaidi, ni maelezo yenu ya sababu, na mahali pake ni kwenye sehemu ya majadiliano. Sentensi ingeweza kuwa hivi: "Vipande vitatu vilivyowekwa katika maji yaliyokenekwa viliongezeka uzito kwa asilimia 13.3 hadi 14.7, na vyote vilikuwa vigumu kupindika kuliko kabla ya jaribio."

Nasisitiza pia asilimia, kwa sababu vipande havikatiki sawasawa hata mkitumia kisu kikali na rula. Kipande kilichotoka gramu 2.45 hadi 2.81 kimeongezeka gramu 0.36, na kilichotoka 2.10 hadi 2.38 kimeongezeka gramu 0.28. Ukivitazama kwa gramu utadhani vimetofautiana sana, kumbe kwa asilimia ni 14.7 na 13.3. Hata hivyo, uzito wa mwanzo na wa mwisho lazima ubaki kwenye jedwali, ili msomaji mwenyewe aweze kurudia hesabu yako.

Mtafiti wa mimea

Naongezea kuhusu kipande cha tatu, maana hapo ndipo penye uzito. Grafu yenu inakusudiwa kuonyesha ukolezi (kiasi cha sukari katika myeyusho) ambao kiazi hakiongezeki wala hakipungui uzito, yaani pale mstari unapokata sifuri. Nimepiga hesabu kwa namba zako, nikiunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka. Ukikiacha kipande hicho, wastani wa moli 0.4 ni upungufu wa asilimia 6.1, na mstari unakata sifuri karibu na moli 0.28. Ukikiingiza, wastani unakuwa upungufu wa asilimia 2.1, na mstari unakata karibu na 0.33. Kwa hiyo kukificha kimya kimya kunabadilisha jibu lenyewe la jaribio, na msomaji hana njia ya kujua.

Gregor Mendel, aliyechunguza urithi wa sifa katika njegere, katika chapisho lake la 1866 hakuandika tu kwamba mbegu za njegere zilitoka kwa uwiano wa tatu kwa moja. Aliandika idadi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Kwa kuwa namba zilikuwepo, mwaka 1936 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher aliweza kuzipima upya zote kwa pamoja na kuhoji kwa nini zilikaribia matarajio kupita kiasi. Mjadala ule uliwezekana kwa sababu hesabu ziliandikwa.

Naomba utuambie uzito halisi wa kipande hicho, kama ulivyo kwenye daftari la maabara.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Daftari linasema gramu 2.21 mwanzo na 2.34 mwisho. Nilipotazama kwa makini nimeona kwamba tarakimu ya kwanza baada ya nukta katika uzito wa mwanzo imeandikwa juu ya nyingine iliyofutwa. Inaweza kuwa 2, inaweza kuwa 5. Je, niirekebishe iwe 2.51?

Mtafiti wa mimea

Hapana, usiirekebishe. Ni kweli kwamba 2.51 ingekupa upungufu wa asilimia 6.8, na ingekaa vizuri na wenzake, lakini kukaa vizuri si ushahidi wa kilichosomwa kwenye mizani siku ile. Kufikiri kwamba kiliongezeka kwa sababu hakikupanguswa maji vizuri nako kunatia shaka: ili kipande cha gramu 2.21 kifanane na wenzake, kilipaswa kubaki na takribani gramu 2.08, na tofauti ya gramu 0.26 ni kama matone matano ya maji, ambayo mngeyaona yakidondoka.

Weka thamani zote tatu kwenye jedwali, utie alama ya nyota kwenye ya tatu, na chini ya jedwali uandike kwamba tarakimu moja ya uzito wa mwanzo haisomeki bila shaka. Kisha toa wastani mbili, wa vipande vitatu na wa viwili, na kwenye grafu chora nukta ya kipande hicho peke yake. Dhana ya tarakimu iliyofutwa iende kwenye majadiliano, na kama viazi na sukari bado vipo, ombeni nafasi ya kurudia myeyusho huo mmoja wa moli 0.4 kwa vipande vitano badala ya vitatu.