Wakuu, nimeandika "Maeterlinckian" kwenye uhakiki, mhariri kaizungushia wekundu. Nitoe au nitetee?

Mleta uzi:
Habari za jioni wakuu. Huwa naandika uhakiki wa tamthilia kwa Kiingereza, sio kazi ya kuniweka mjini ila bando haliishi. Wiki iliyopita nikaenda kuangalia igizo la wanafunzi, jukwaani vikongwe watatu wamekaa kwenye benchi wanasubiri kivuko, saa nzima hakitokei kitu, mmoja anauliza "umesikia?" mwenzie anajibu "sijasikia", kimya, afu anauliza tena vilevile. Mwishoni ndo unagundua yule wa katikati kumbe keshakufa kitambo. Mwili ulinisisimka. Nikarudi home nikaandika "a Maeterlinckian silence", yaani ukimya kama wa tamthilia za Maeterlinck, yule mwandishi Mbelgiji, nikajiona nimemaliza. Mhariri kaandika pembeni: nani huyu? Sasa hili neno lipo kweli au nimejitungia? Herufi kubwa ni lazima? Na kwa nini isiwe Maeterlinckesque, si kwa mwandishi Kafka wanasema Kafkaesque?

mzee_wa_kamusi:
Lipo mkuu, Waingereza walianza kulitumia jamaa mwenyewe angali hai. Herufi kubwa lazima. Ukiona jina la mtu limeshuka hadi herufi ndogo, kama boycott, ujue watu washamsahau mwenye jina. Kuhusu mkia hakuna sheria, ni sikio na mazoea tu, chukua waandishi wa tamthilia, Chekhov kachukua -ian, Pinter kapewa -esque, Shaw ndo kituko kabisa, wamezungukia kwenye Kilatini wakarudi na Shavian. Huyu wako ni -ian.

tiketi_ya_nyuma:
Mimi nipo na mhariri, samahani. Maurice Maeterlinck alipochukua Nobel mwaka 1911 msomaji wa London ukimwambia Maeterlinckian anakuelewa palepale. Leo hata wanaoijua tamthilia yake Pelléas et Mélisande wengi wanaijua kwa opera ya Debussy ya 1902, aliyeandika maneno hawana habari naye. Umemtupia msomaji jina badala ya kumuonyesha ulichoona. Hapa kwenye uzi umetueleza benchi na "umesikia, sijasikia", mimi nimeshaona picha yote bila huyo Mbelgiji. Kwenye uhakiki umeandika hivo au umeishia kwenye neno?

Mleta uzi:
Duh. Nimeishia kwenye neno.

kivuli_cha_pazia:
Msimkatishe tamaa, neno ni sahihi kuliko anavyojua. Mkuu hao wanafunzi wamechota kwa Maeterlinck mwenyewe, kuna mchezo wake wa 1890 Les Aveugles, vipofu 12 wako msituni kisiwani wanamsubiri padri awarudishe nyumbani, wanalalamika kachelewa, kumbe padri amekaa hapohapo katikati yao na keshakufa. Mwaka huohuo ana L'Intruse, familia imekaa mezani usiku, mama anaumwa chumba cha pili, nje ndege wa usiku wananyamaza ghafla, inasikika sauti ya mtu ananoa mundu wanasema aah ni mtunza bustani huyo, mlango unagoma kufunga, na babu kipofu peke yake ndo anasema kuna mtu ameingia. Hapo ndo ilipo maana ya neno. Kwa Beckett, mwandishi mwingine wa tamthilia, watu wanasubiri na anayesubiriwa haji, kwa Maeterlinck ameshafika zamani na amekaa na nyie, ni nyie tu hamumuoni. Kwa Pinter kimya ni cha watu wanaoviziana. Kwahiyo ukiandika Maeterlinckian kwa kila igizo lenye kimya unaliharibu, ila kwa vikongwe wako limekaa.

Angalizo moja, huyohuyo ndo kaandika Ndege wa Buluu, mwongozaji Mrusi Stanislavski akaupandisha jukwaani Moscow mwaka 1908, watoto wawili wanatafuta ndege wa furaha, ni ngano tupu yenye mapambo. Na kitabu cha maisha ya nyuki cha 1901. Msomaji anayemjua kwa ndege huyo ukimwambia "Maeterlinckian" anawaza mazingaombwe ya watoto, sio maiti kwenye benchi. Kwahiyo sema "early Maeterlinck", hutakosea.

chai_ya_rangi:
Kwani ungekuwa unaandika Kiswahili ungefanyaje? "Ukimya wa ki-Maeterlinck"? Hapo hata mimi ningeuliza nani huyu 😂

tiketi_ya_nyuma:
@kivuli_cha_pazia hapo nimekubali, sikujua hiyo ya padri. Basi aanze na benchi, jina lije baadaye, na hao vipofu wapewe hata nusu mstari.

Mleta uzi:
Nimeandika upya. Aya nzima ni wale bibi, yule wa kulia anavyomtengenezea khanga wa katikati mara tatu na khanga inateleza mara tatu (hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa wallahi), afu sentensi moja: "It is early Maeterlinck, the one who sat twelve blind people round a dead priest and let them complain that he was late." Kile kivumishi nimekitoa chenyewe, sikukihitaji tena. Mhariri kapitisha bila wekundu.

Swali la mwisho, kanialika kwenye kipindi chake cha redio nikazungumzie igizo. Hili jina linatamkwaje?

mzee_wa_kamusi:
Kazaliwa Ghent, kwao wanakoongea Kiholanzi ni kama Maa-ter-link. Wafaransa wanasema Me-ter-lenk, na yeye aliandika kwa Kifaransa. Chagua moja ukae nayo.

chai_ya_rangi:
Sema "yule Mbelgiji" uendelee na kipindi.