Wasimulizi wa maisha ya Superman, mnatulisha mseto halafu mnauita historia

Sururu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, maana hapa hakuna anayecheka.

Kumezuka utitiri wa video za "Maisha ya Superman, kuzaliwa hadi kufa". Muziki wa huzuni, sauti nzito, vipande vya filamu tatu tofauti vimeungwaungwa. Na karibu zote zinasema jambo lilelile: kazaliwa sayari ya Krypton, baba yake Jor-El kamtia kwenye chombo, kaangukia Kansas, kalelewa na Jonathan na Martha Kent, jua la njano limempa nguvu, anapaa, kriptonaiti (madini ya kutoka Krypton) inammaliza, baba mlezi kafa kwa kimbunga, ile S kifuani ni alama ya tumaini. Kisha msimulizi anafunga kwa kujiamini kabisa kwamba ndivyo alivyoandikwa tangu 1938.

Sivyo! Katika orodha hiyo nzima, cha 1938 ni sayari inayokufa na chombo kilichombeba mtoto. Basi. Vilivyobaki vilipachikwa baadaye, kimoja kimoja, na watu tofauti, na vingine wala havikuanzia kwenye vitabu vya katuni.

Fungueni Action Comics namba 1, kitabu cha katuni alichoanzia mwaka huo wa 1938. Asili ya jamaa imepewa ukurasa mmoja. Sayari haina jina, imeharibika kwa uzee. Baba ni mwanasayansi fulani tu, mama hatajwi. Mtoto anaokotwa na mwenye gari aliyekuwa anapita zake, anapelekwa kituo cha yatima, kwisha. Akishakua anaweza kuchupa moja ya nane ya maili, yaani kama mita 200, anavuka jengo la ghorofa 20 kwa mchupo mmoja, anaishinda mbio treni ya haraka, na ngozi yake haipenyeki na chochote kilicho chini ya kombora linalolipuka. Kupaa, hapai. Macho ya moto hana. Jua halihusiki kabisa: tunaambiwa watu wa kwao miili yao ilitangulia ya kwetu kwa mamilioni ya miaka, na msomaji anapewa mfano wa sisimizi anayebeba mizigo iliyomzidi uzito mara nyingi na panzi anayechupa. Huyo ndiye Superman wa 1938, aliyekuwa akiuzwa senti 10 za dola.

Jina Krypton lilikuja Januari 1939 kwenye katuni za magazetini, na hapo wazazi wake wanaitwa Jor-L na Lora. Tahajia mnayoijua, Jor-El na Lara, ilitoka kwenye riwaya ya George Lowther ya 1942. Riwaya hiyohiyo inawaita wazazi walezi Eben na Sarah Kent. Wakati huo kitabu cha Superman namba 1 cha 1939 kilishawaleta wazee wa Kent, mama akiitwa Mary. Jonathan na Martha wamekuja kutulia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na mchezo wa redio ulioanza Februari 1940 hauna Kent yeyote wa kumlea: mtoto anakulia ndani ya chombo njiani, anashuka duniani akiwa mtu mzima, anamwokoa profesa na mwanawe, nao ndio wanaompa jina la Clark Kent, analotumia akiishi kama mtu wa kawaida. Nionyesheni shamba liko wapi hapo!

Kupaa kulitoka redioni na kwenye katuni za sinema za studio ya Fleischer zilizoanza 1941. Vitabu vilifuata nyuma.

Kriptonaiti ndiyo inaniudhi kuliko yote. Siegel, mwandishi wake wa kwanza, alishatunga mwaka 1940 hadithi yenye madini kutoka Krypton yanayomlegeza Superman, wachapishaji hawakuitoa. Kriptonaiti yenyewe ikasikika redioni 1943, na kwenye vitabu ikaingia Superman namba 61 ya 1949. Sasa sikilizeni hili, maana wasimulizi wote hulipita: ni kwenye toleo hilohilo la 1949 ndipo Superman wa vitabuni anagundua kwa mara ya kwanza kwamba kwao ni Krypton. Msomaji alikuwa anajua miaka kumi, mwenyewe hajui. Halafu mtu anaweka video na kusema "tangu utotoni aliteswa na kumbukumbu za sayari yake". Kumbukumbu za nani?

Jua la njano ni maelezo ya mwaka 1960. Kabla ya hapo nguvu zilielezwa kwa maumbile ya watu wa kwao na kwa mvutano wa Krypton kuwa mkubwa kuliko wa dunia. Kansas ni ya filamu ya 1978. Mji wa Smallville, alikokulia, ulikuwepo vitabuni tangu 1949 lakini haukufungwa jimbo hilo. Filamu hiyo ndiyo iliyoifanya S kuwa nembo ya ukoo wa El. Habari za "tumaini" ni za miaka ya 2000, na filamu ya 2013 ndiyo iliyozisambaza. Mwanzoni S ilikuwa S ya Superman, hakuna fumbo.

Tuje kwa marehemu mzee Kent, ambaye mmemzika kwa kimbunga kana kwamba hajawahi kufa kwingine. Katika toleo la 1939 wazee wote wawili wanakufa Clark akiwa amekua, na huzuni hiyo inamsukuma aanze kazi. Mwaka 1963, Superman namba 161, wanakufa kwa ugonjwa wa kitropiki, na kijana wao mwenye nguvu zote hana la kufanya. Filamu ya 1978: moyo, ghafla, uani kwake, mama anabaki. Mwaka 1986 mwandishi na mchoraji John Byrne akaiandika upya hadithi nzima, na safari hii hawafi: Clark mtu mzima anarudi nyumbani kuomba ushauri kwa wazazi walio hai. Mwaka 2008 mzee akafa tena kwa moyo, Action Comics namba 870. Baada ya vitabu kuanzishwa upya 2011, wote wawili wanakufa kwa ajali ya gari. Kimbunga ni cha 2013, filamu moja, na maana yake ni kinyume cha vifo vingine. Ya 1963 na 1978 yanasema kuna kitu nguvu haziwezi. Ya 2013 inamwonyesha kijana anayeweza kabisa kumwokoa babake, ila mzee anamwashiria asithubutu. Ukivichanganya umeua hoja ya mwandishi wa kila kifo, na mtazamaji hajui tena huyu bwana alifundishwa nini nyumbani.

Ninachodai si kikubwa. Kabla hujarekodi, chagua Superman mmoja: wa 1938, wa miaka ya 1960, wa Byrne, wa filamu fulani. Taja chaguo lako sekunde ya kwanza. Kila ukiandika tukio, weka pembeni mwaka na mahali lilipoanzia (kitabu, gazeti, redio, sinema). Ukikuta tukio la 2013 limekaa katikati ya matukio ya 1963, litoe. Na acheni kunakili ule muhtasari wa pembeni wa kurasa za mashabiki: umekusanya kila kitu cha tangu 1938 bila kupanga, na makosa yenu mengi yanaanzia hapo.

Povu ruksa.

Taa ya Chemli

Mkuu umenena. Niongezee la tarehe, kwa sababu hata wanaojitahidi huchemka hapo. Mwezi ulioandikwa kwenye jalada si mwezi wa kuuzwa. Action Comics namba 1 ina Juni 1938 kwenye jalada, ila ilikuwa mezani kwa wauza magazeti tangu Aprili. Wachapishaji wa Marekani walisogeza tarehe mbele makusudi, ili muuzaji asilione toleo limechakaa akaliondoa mapema. Ndiyo maana watu hugombana kama Superman aliuawa na lile dude Doomsday 1992 au 1993. Superman namba 75 iliuzwa Novemba 1992 ikiwa na Januari 1993 juu yake. Wote wako sahihi, wanapigana bure. Kanuni yangu: ukitaja mwezi, sema ni wa jalada au wa mauzo.

Kokwa

Mleta mada unakuza mambo. Ni mtu wa kubuni. Kila msimulizi ana uhuru wa kuchanganya anavyotaka, hata hao waandishi wenyewe walichanganya.

Sururu

Kokwa, walichanganya wakaweka sahihi zao. Byrne hakusema "ndivyo ilivyokuwa tangu 1938". Alitoa matoleo sita ya mwaka 1986 na kila mtu akajua huu ni mwanzo mpya. Msimulizi akisema "hii ni Superman yangu mimi", nampigia makofi. Akisema "historia", atoe mwaka.

Bibi Kisiwani

Kwa kuwa Byrne katajwa, nieleze kwa nini kuchanganya toleo lake na mengine kunavunja hadithi nzima. Kwake chombo hakibebi mtoto aliyekwisha zaliwa. Kinabeba kifaa cha kukuzia mimba, na kinafunguka Kansas. Kwa hesabu hiyo Clark kazaliwa duniani. Halafu theluji kali inafunga shamba kwa miezi kadhaa, majirani hawaonani na akina Kent, na barabara zikifunguka Martha anatoka na mtoto na kusema ni wake wa kumzaa. Nguvu zinakuja polepole anavyokua, kwa hiyo Superboy hayupo, hakuna kijana mwenye joho anayeokoa watu Smallville. Na asili yake ya Krypton haijui mpaka toleo la sita, ukubwani.

Sasa mtu anachukua theluji hiyo, anaongeza Superboy wa 1945, anaongeza kisa cha 1960 ambacho Lex Luthor, adui yake mkubwa, akiwa kijana anapoteza nywele kwa sababu ya Superboy hapo hapo Smallville. Kwa Byrne kisa hicho hakina pa kukaa! Na jamani, Luthor alipoingia Action Comics namba 23 mwaka 1940 alikuwa na nywele nyekundu kichwa kizima, na hakuna aliyejua anatokea Smallville.

Mchanga wa Pwani

Mbona hakuna anayegusa video zinazosema Siegel na Shuster, mchoraji wake wa kwanza, walipewa dola 130 wakafukuzwa, wakafa bila kupata senti nyingine? Dola 130 ni kweli: kurasa 13, dola 10 kila ukurasa, Machi 1938, na pamoja na hela wakasaini kuachia haki zote. Hapo ndipo walipoumia. Lakini hawakufukuzwa. Waliendelea kumwandika na kumchora Superman kwa malipo ya kurasa kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1947 wakafungua kesi kudai haki zao, wakaishia kulipwa fidia na kupoteza kazi, na majina yao yakaondolewa. Desemba 1975, filamu ikiwa inaandaliwa na magazeti yakiwa yamewaka kwa habari za ufukara wao, kampuni ikakubali dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, na majina yakarudishwa. Dhuluma ilikuwepo ya kutosha, haihitaji kuongezwa chumvi.

Kokwa

Sawa, nimewaelewa nusu. Sasa nijibuni: filamu ya 2025 wazazi wake wa Krypton wanamwagiza aje kuwatawala binadamu. Kwa hiyo Jor-El ni mtu mbaya tangu zamani na tulikuwa tumefichwa?

Sururu

Hapana. Hiyo ni filamu hiyo tu. Humo Clark alikuwa na nusu ya kwanza ya ujumbe, nusu ya pili imeharibika. Luthor anaifufua na kuitangaza ili watu wamchukie. Filamu inasema ni ya kweli, si ya kughushi, na Clark analazimika kuchagua kati ya maneno hayo na malezi ya akina Kent. Katika filamu ya 1978 ni kinyume kabisa: Jor-El anamkataza kuingilia historia ya binadamu, na kosa la Clark ni kuivunja amri hiyo ili amwokoe Lois, mwanamke anayempenda. Katika ukurasa wa 1938 hakuna ujumbe wowote. Ukisema "Jor-El alimtuma", swali ni moja: Jor-El wa mwaka gani?

Taa ya Chemli

Na kwa wachoraji wetu wanaosubiri "Superman awe wa bure 2034" ili wamtoe kwa Kiswahili, hili linawahusu kwa pesa. Kwa sheria ya Marekani, kilichochapishwa 1938 kinalindwa na hakimiliki miaka 95, hivyo tarehe 1 Januari 2034 kinachofunguka ni kile kilichotoka 1938 pekee, kuanzia Action Comics namba 1. Yule anayechupa. Ukimpa jina la Krypton, hilo ni la 1939, ngoja 2035. Kriptonaiti ya vitabuni ni ya 1949, jua la njano 1960, kila kimoja na foleni yake. Hata huyo wa 1938 ukimfungua, jina na nembo ya S ni alama za biashara, na alama za biashara haziishi muda zikiendelea kutumika. Mtakuwa huru kuchora hadithi yake, ila jalada mtakaloliweka sokoni lipitishwe kwanza kwa mwanasheria.

Mchanga wa Pwani

Kwa hiyo mwaka 2034 mtu akimchora anapaa?

Taa ya Chemli

Hapo atakuwa amechora cha baadaye, bado kina mwenyewe. Achupe mita 200, atue, achupe tena.