Mjadala: Aliyepoteza mtaji kwa janga aendelee na ndoto yake, au ashike kazi yoyote?

Ndugu zangu wa Goma, wazee kwa vijana, mzee mmoja tunayemheshimu alituambia majuzi kwamba kijana aliyeanguka kibiashara aachane na matakwa ya moyo wake na ashike kazi yoyote inayoleta unga nyumbani, kwa kuwa familia haili matumaini. Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga, ingawa si kwa yote.

Mzee aliwaweka pamoja watu wawili tofauti. Yupo aliyeanzisha kazi, wateja wakaiona na kuikataa. Huyo amejibiwa na soko, na ni busara asikilize. Lakini yupo pia ambaye kazi yake ilipendwa mpaka siku ilipokutwa na janga. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu, ikafunika maduka na hata sehemu ya uwanja wa ndege. Aliyekuwa na duka pale hakushindwa biashara. Vivyo hivyo, aliyeweka akiba benki, kisha benki za Goma zikafungwa kwa vita mwishoni mwa Januari 2025, hakukosa nidhamu ya fedha. Kumwambia mtu huyo kwamba ndoto yake imethibitika kuwa bure ni kumtwika kosa lisilo lake.

Namfikiria mshonaji mmoja wa mtaani kwetu. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na siku chache baadaye ikatolewa amri ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji, alifungua skrubu za cherehani yake, akaacha meza na pedali, akaelekea mji jirani wa Sake akiwa amefunga kichwa cha cherehani mgongoni kwa kitenge, na daftari la vipimo vya wateja ndani yake. Nduguze walimlaumu kwa kuacha godoro. Huko Sake aliazima meza, akawa anarekebisha nguo za waliokimbia kama yeye, na siku kadhaa nduguze hao walikula kwa mkono wake. Chumba anachokitamani cha kuwafundishia wasichana kushona hajakipata bado, lakini mkate wake umetoka ndani ya ndoto ileile, jambo ambalo hoja ya mzee haikulipa nafasi.

Najua vijana wenzangu watamtaja Daktari Denis Mukwege wa Bukavu kama mfano wa aliyeshikilia ndoto yake, na mara nyingi tunasimulia nusu tu ya habari zake. Alianza akitaka kutibu watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera na kuona mateso ya wanawake wakati wa kujifungua, alibadili njia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Kisha akaanzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Tena, aliponusurika kuuawa Oktoba 2012 na kukimbilia Ulaya, wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza mananasi na vitunguu ili wachange nauli ya kumrudisha, naye akarudi Januari 2013. Ndoto hiyo ilibadilika umbo njiani, na haikubebwa na mtu mmoja. Sisi tunaodai haki ya kuendelea tuwe tayari kubadili njia pia, na kutoa hesabu kwa wanaotubeba.

Hapo nakubaliana na mzee. Kifungua mimba mwenye wadogo wanaosubiri minerval, yaani karo ya shule, hawezi kulishwa bila ukomo. Apewe muda unaojulikana, aoneshe kila mwezi kilichoingia, na wenzake wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, wamruhusu achukue fungu lake mapema ili arudishe mtaji.

Wazee mliosema aache kabisa, naomba jibu la wazi: mtoto wenu aliyekuwa na wateja hadi siku ya janga, mtamtaka auze vifaa vyake, au mtampa muda, na uwe wa kiasi gani? Na vijana, ni ushahidi gani utakaowafanya mkubali kwamba sasa basi?