Friji inakupiga shoti ukiwa peku? Tupeane uzoefu wa ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) na waya za nyumbani

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Nyumba ya kwanza niliyopanga hapa Dar, mbele ya friji palikaa ndala ambazo hazikuwa za mtu. Ukitaka maji ya baridi unazivaa kwanza. Ukigusa mlango uko peku, hasa sakafu ikiwa imetoka kudekiwa, mkono unatekenywa mpaka kwenye kiwiko. Tukazoea, miaka miwili. Mwanangu alipoanza kutambaa akaja kushika ubavu wa lile friji. Alivyolia, sikulala usiku ule.

Fundi alifungua soketi akanionyesha: waya mbili tu, laivu (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha). Tundu la juu, la ethi, nyuma yake hamna kitu. Nje, chini ya mita, fimbo ya shaba ya ethi iliyochomekwa ardhini ipo, lakini waya wake ulishakatwa, umebaki mkia wa kama inchi mbili. Umeme kidogo ulikuwa unavuja kwenye bati la friji, na njia pekee ya kwenda ardhini ilikuwa sisi. Karibuni mtupe ya kwenu.

Mama wa Kisauni
Pole sana kwa mtoto. Yangu ni ya chaja. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya matundu matatu, basi nikawa natia mfuniko wa kalamu tundu la juu ili yale ya chini yafunguke. Watoto wanaona. Siku moja namkuta wa darasa la pili amepiga magoti mbele ya soketi, kalamu iko juu, mkono wa pili ana uma. Nilimvuta kwa shati. Ndipo nikaelezwa kwamba pini ya juu imefanywa ndefu kwa makusudi: ndiyo inayosukuma vizibo vya matundu ya stima, na ndiyo inayotangulia kugusa ethi. Adapta niliinunua siku hiyo hiyo.

Fundi, Dodoma
Nafanya kazi hii kila siku na naomba tusikilizane. Waya wa ethi ni wa kijani na njano, usikubali fundi autumie kupitisha laivu eti rangi nyingine zimeisha. Huku kwetu kiangazi udongo unakauka mpaka unapasuka, na ethi inadhoofika. Wateja wananiambia masika friji halipigi, Septemba linapiga. Fimbo iende chini kwenye unyevu, siyo futi mbili halafu unafukia. Nimekuta pia ethi imefungwa kwenye bomba la maji, kulichimbua kumbe ni la plastiki. Na fyuzi ya plagi isizungushiwe karatasi ya sigara! Pasi ni fyuzi ya ampia 13, taa ya mezani ya ampia 3 inatosha.

Mpangaji, Arusha
Shawa ya maji moto. Nikishika koki, vidole vinasisimka. Mwenye nyumba akaniambia nioge na ndala. Nikahama.

Mleta mada
Mkuu wa Dodoma, fimbo ikiwa nzuri, bado kuna haja ya ile swichi ya RCD, inayokata umeme ukivuja? Kwangu ilikuwa inakata kila mvua ikinyesha, fundi mwingine akataka kuiruka, waya zisipitie kwake.

Fundi, Dodoma
Asiiruke, ndugu yangu. Ethi ya fimbo pekee mara nyingi haipitishi umeme wa kutosha kuunguza fyuzi, bati linabaki na umeme. RCD ya miliampia 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ikikata wakati wa mvua inakwambia kuna mahali maji yanaingia. Angalia taa za nje kwanza. Halafu ina kitufe cha T, kibonyeze, lazima ikate.

Mleta mada
Taa ya getini, umepatia. Nimefungua kioo chake, kimejaa maji na mchwa. Kitufe cha T nimekibonyeza mara tatu na swichi haijakata. Nimezima meni (swichi kuu), tunasubiri fundi tukiwa na mshumaa.