Gumzo la Ukoo: AC ya Zuhura inapuliza joto

Zuhura: Jamani wanaukoo, AC ya gari imeanza visa tena. Upepo unaotoka ni wa moto, nalowa jasho kama niko jikoni. Mwenye kujua anisaidie.

Idi: Gesi imekwisha hiyo. Kajaze, kwisha habari.

Zuhura: Si nilijaza mwaka jana tu?

Idi: Basi imekwisha tena 😅

Mjomba Hamisi: Idi, gesi ya AC si petroli kwamba inaungua. Inazunguka humo humo kwenye mabomba, inakuwa majimaji, inakuwa mvuke, inarudi ilikotoka. Ikipungua maana yake imevuja. Na hatujajua hata kama imepungua.

Zuhura: Shikamoo mjomba.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nijibu kwanza, upepo wenyewe unatoka kwa nguvu au nao ni dhaifu?

Zuhura: Upepo upo wa kutosha. Baridi ndiyo hakuna.

Mama Salma: Mimi langu linapuliza nikiweka namba nne tu. Moja mpaka tatu kimya.

Mjomba Hamisi: Lako ni ugonjwa mwingine shemeji. Hiyo rezista ya feni ya ndani, kile kipande kinachopunguza mwendo wa feni, imekufa. Namba ya mwisho haipiti kwenye rezista, ndiyo maana imebaki peke yake. Subiri nitakurudia.

Mjomba Hamisi: Zuhura, joto hilo ni muda wote, au gari likichanganya mwendo linapoa?

Zuhura: Eeh! Umejuaje? Nikipata barabara nyeupe baridi inakuja vizuri tu. Nikiingia foleni, moto.

Bibi: Hayo madirisha yake hayafunguki?

Zuhura: Yanafunguka bibi 😂 ila vumbi na moshi vyote vinaingia.

Bibi: Sisi tulifungua na tukafika.

Mjomba Hamisi: Zuhura, toka nje sasa hivi kama unaweza. Washa gari, AC weka baridi ya mwisho, fungua boneti. USIINGIZE MKONO, feni ya umeme huwaka bila hodi. Tazama tu feni iliyokaa kwenye rejeta, halafu sikiliza.

Zuhura: Nimefungua. Nasikia "tak", inanguruma kidogo, halafu "tak" inanyamaza. Inarudia hivyo hivyo. Feni haizunguki kabisa.

Mjomba Hamisi: Tumeshampata mwizi.

Idi: Feni tu? 🤔

Mjomba Hamisi: Feni tu. Hiyo "tak" ni klachi ya kompresa, ile pampu inayobana gesi, inashika na kuachia. Gesi ikitoka kwenye kompresa imebanwa, ina moto na presha kubwa. Inaingia kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba pale mbele kabisa, iache joto lake ndipo igeuke majimaji. Gari likitembea, upepo wa barabarani unafanya hiyo kazi. Likisimama, kazi ni ya feni. Feni imelala, joto halina pa kwenda, presha inapanda, swichi ya presha inakata kompresa kabla haijajiumiza. Presha ikishuka inashika tena.

Idi: Kwa hiyo ningemwongezea gesi...

Mjomba Hamisi: Ungeongeza presha juu ya presha. Watu wengi hawaamini, ila gesi ikizidi AC haipoi kama vile imepungua.

Mjomba Hamisi: Na we Zuhura uwe na jicho kwenye mshale wa joto la injini. Magari mengi feni hiyo hiyo ndiyo inayopoza na rejeta. Usikae foleni nalo hivyo.

Zuhura: Salum yuko hapa, anauliza aangalie nini.

Mjomba Hamisi: Azime gari kwanza. Kwenye sanduku la fyuzi la huko huko mbele, mchoro uko kwenye kifuniko. Atafute fyuzi ya feni aone kama imeungua. Kama ni nzima, achomoe rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme ya kuchomeka, atafute nyingine yenye namba zile zile zilizoandikwa juu yake. Mara nyingi ya honi inafanana. Abadilishane.

Salum: Fyuzi nzima. Rilei ya honi namba ni zile zile, nimeiweka kwenye feni.

Salum: INAZUNGUKA 🔥🔥

Zuhura: Ila honi sasa hailii 😂

Mjomba Hamisi: Bora. Wengi wenu mnaipiga bila sababu. Nunua rilei nyingine. Baridi je?

Zuhura: Imekuja hata limesimama. Ila si ile baridi yake ya zamani.

Mjomba Hamisi: Salum, yapo mabomba mawili ya AC, nene na jembamba. Jembamba usiliguse, lile la karibu na kompresa linaunguza. Shika lile nene linalorudi kwenye kompresa.

Salum: Baridi ya wastani. Halitoi jasho.

Mjomba Hamisi: Pengine gesi imepungua kweli. Na maungio yake, pale pa nati?

Salum: La kwenye kondensa lina uchafu mweusi, ukigusa ni mafuta. Kwingine kote ni vumbi kavu.

Mjomba Hamisi: Basi Idi naye kapata nusu. Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi, gesi inapopenya na yenyewe hutoka, vumbi likanata hapo. Inavuja pole pole toka mwaka jana. Walijaza, hawakutafuta tundu.

Idi: 😎

Mjomba Hamisi: Usijisifu. Zuhura, ukienda kwa fundi mwambie abadilishe oringi ya hapo, ile pete ya mpira ya maungio, avute vakyumu, yaani anyonye hewa yote, angalau nusu saa, aone kama inashikilia, ndipo ajaze kwa MZANI. Asikudanganye na geji gari likiwa limezimwa. Gesi ya AC ya R-134a kwenye joto la nyuzi 30 itasoma presha ya psi 97 hivi, iwe imejaa au imebaki nusu. Madhali kuna majimaji humo ndani, geji husoma joto, haisomi wingi. Na ile dawa ya kuziba matundu ikatae, inakwenda kuganda kwenye mashine yake na kwenye vali ya AC yako.

Zuhura: Stika chini ya boneti imeandikwa R-134a, gramu 500.

Mjomba Hamisi: Ndiyo hizo. Magari mapya yanatumia R-1234yf, hazichanganywi.

Idi: Fundi wangu hana mzani, anajaza huku anapapasa bomba.

Mjomba Hamisi: Huyo abaki kuwa wako.

Mama Salma: Na mimi jamani?

Mjomba Hamisi: Shemeji, kabla hujanunua rezista chomoa chujio la hewa la ndani, mara nyingi liko nyuma ya droo ya upande wa abiria. Rezista inapozwa na huo huo upepo wa feni. Chujio likiziba upepo unakuwa haba, rezista inaungua, na mpya nayo itaungua.

Mama Salma: Nimelitoa. Kuna majani makavu, manyoya, na kitu sijui ni kiota 😳

Mjomba Hamisi: Tupa lote. Usilipulize urudishe, nunua jipya.