Regyuleta mbovu ikiunguza mtu, alipe nani: duka, mwagizaji au kiwanda?

Mwanzisha mada, Makorora

Assalaam alaykum na habari za jioni nyote. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Jirani yangu ameungua mikono na shingo. Mtungi wa gesi ulikuwa mzima, jiko zima; kilichovuja ni regyuleta, kile kifaa cha kichwani mwa mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, mpya iliyonunuliwa Ngamiani hapa Tanga wiki ile ile. Mumewe akairudisha dukani, akaonyeshwa maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mwenye duka hakumtukana. Alimpa pole na elfu hamsini ya dawa. Alipoulizwa mzigo kautoa wapi, akajibu: Kariakoo, kwa kijana mmoja. Kesi ikaishia hapo.

Kwa sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, aliyenunua mwenyewe anaweza kumshika muuzaji kwa mkataba: umeniuzia kitu kisichofaa kwa kazi yake. Jirani yangu hakununua yeye, kanunua mumewe. Njia aliyobakiwa nayo ni kudai uzembe, na uzembe lazima authibitishe. Atathibitisha vipi namna springi ilivyofungwa kwenye kiwanda ambacho hajui hata kiko mji gani?

Msimamo wangu ni huu. Anayeingiza bidhaa nchini awe wa kwanza kulipa, bila aliyeumia kulazimishwa kuthibitisha uzembe. Inatosha aonyeshe kwamba bidhaa ilikuwa mbovu na ndiyo iliyomuumiza. Mwenye duka la rejareja aachwe, kwa sharti moja: aseme kanunua kwa nani, na aseme kwa karatasi. Akishindwa, alipe yeye.

Na hili si la kusubiri. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sehemu kubwa ya hao watapikia gesi. Serikali ikituhimiza tuingie na mtungi jikoni, ituambie pia ukituunguza tumfuate nani.

Duka la Barabara ya 12

Mimi ni mmoja wa hao wenye duka, ingawa si yule wa jirani yako. Ndugu yangu, faida ya regyuleta moja haifiki elfu tatu. Leo unataka nibebe hospitali ya mtu kwa elfu tatu?

Sharti lako la karatasi linapendeza ukiwa umekaa barazani. Nenda Kariakoo ununue mzigo wa laki sita, uombe risiti yenye jina la kila kitu, uone utakavyojibiwa. Utapewa risiti imeandikwa "vifaa", basi. Ukibisha, kuna wateja kumi nyuma yako. Kwa hiyo sheria yako haitamkamata mwagizaji hata siku moja. Itanikamata mimi mwenye kibao mlangoni na leseni ukutani, kwa sababu mimi ndiye ninayeonekana.

Fundi Gesi, Chumbageni

Naomba niingie kidogo kabla hamjamnyonga mwenye duka. Vichwa vya mitungi havifanani vyote. Mtu anabadilisha mtungi wa kampuni hii kwa ile, regyuleta haikai sawasawa, anaipigilia kwa kiganja mpaka "imekubali". Mpira nao, nimekuta watu wamefunga mpira wa maji na waya wa umeme. Wallahi, waya wa umeme! Mtungi upo ndani ya kabati lisilo na tundu, gesi inakaa chini inasubiri kiberiti.

Sisemi jirani yako alifanya hivyo. Nasema kabla ya kuuliza nani alipe, ulizeni kwanza nani aliifunga.

Wakili, Bombo

Kisa cha jirani kinafanana na kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria hukutana nayo mapema. Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi ndani. Alidai kwamba walipomimina mara ya pili, alitoka konokono aliyeoza. Yeye hakuwa na mkataba na yeyote, maana aliyelipa ni rafiki. Mwaka 1932 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuuziana chochote.

Watu hukumbuka konokono na kusahau yaliyofuata. Mwenye kiwanda, Stevenson, alifariki, madai yakamalizwa kwa maelewano, na hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza ushahidi kama huyo konokono alikuwemo. Mzigo wa kuthibitisha ulibaki kwa mdai, na ndio huo mliourithi.

Wengine walisogea. California mwaka 1963, kwenye kesi ya Greenman aliyejeruhiwa na mashine ya useremala, mahakama ilisema bidhaa ikiwa na kasoro ikakuumiza, mtengenezaji analipa, alizembea asizembee. Ulaya waliandika agizo lao mwaka 1985, na mwaka 2024 wakapitisha jipya linalohusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Humo hata programu za kompyuta ni bidhaa. Mahakama inaweza kuamuru kiwanda kitoe nyaraka zake, na kikikataa, kasoro inachukuliwa kuwepo mpaka kithibitishe vinginevyo. Kiwanda kikiwa nje ya Ulaya, anashikwa mwagizaji. Muuzaji anaulizwa pale wengine wasipojulikana, naye ana mwezi mmoja wa kutaja aliyemuuzia. Kwa hiyo hoja ya aliyeanzisha mada haijatoka hewani.

Sasa niseme wazi nimekaa upande gani: mimi hutetea wadaiwa. Mteja wangu akishitakiwa, jambo la kwanza nauliza bidhaa yenyewe iko wapi. Ikiwa imetupwa jalalani, mdai ameshajikata miguu. Kisha nauliza kama ni yetu kweli. Nchi hii neno "hiyo ni bandia" linamaliza kesi nyingi kabla hazijaanza, maana mdai hana namna ya kuonyesha kwamba si bandia. Kisha yanakuja ya Fundi: aliifunga nani, kwa mpira gani. Na mwisho naangalia kalenda. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, ya mkataba sita.

Baadhi ya ngao hizo ni halali na zisiguswe. Mtu aliyepigilia regyuleta kwa nyundo asilipwe kama aliyeifunga vizuri. Ninachokiona kibovu mimi mwenyewe ni hiyo ya bandia. Mwagizaji asiyeweka namba ya toleo, yaani ya kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, kwenye bidhaa yake ananufaika na uzembe wake: hakuna alama, basi si yangu. Hapo ningekubali mzigo uhamie kwake.

Mama Lishe, Mkwakwani

Wakili umesema vizuri mwanangu, lakini umesahau kutuambia wewe unatoza kiasi gani. Mkono ukiungua mimi sipiki, nisipopika sina hata nauli ya kuja ofisini kwako. Hiyo miaka mitatu itapita nikiwa natafuta ya wakili.

Halafu TBS, hao Shirika la Viwango, wako wapi kwenye maneno yenu? Kitu kikiwa na alama ya ubora mimi nanunua kwa imani. Kikiniunguza na alama yake, nani muongo?

Wakili, Bombo

Shikamoo mama. Swali la alama ndilo wenzangu wanaotetea makampuni wanalipenda kuliko yote: "tulikidhi viwango, basi." Kwa maoni yangu alama iwe ushahidi unaomsaidia mdaiwa, isiwe kinga. TBS hupima sampuli. Kasoro ya kipande kimoja kati ya maelfu mkaguzi haioni.

Kuhusu gharama, kanuni zetu za mashauri ya madai zinaruhusu watu wenye dai moja wawakilishwe na mmoja wao. Inafaa pale bidhaa moja ikiumiza wengi. Ila nisikudanganye kwamba kuwa wengi ni wepesi. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 ugonjwa wa listeria uliua watu zaidi ya 200, na Machi 2018 serikali ikatangaza chanzo ni kiwanda cha nyama za kusindika cha Polokwane, mali ya Tiger Brands. Wana sheria nzuri kuliko yetu: kifungu cha 61 cha sheria yao ya walaji ya 2008 kinawabana mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na muuzaji, bila kuuliza uzembe. Kesi ya pamoja iliidhinishwa Desemba mwaka huo huo. Miaka ikapita familia zikisubiri fidia, pande mbili zikibishania rekodi za maabara. Sheria ya kutouliza uzembe haikuondoa ubishi wa nini kilisababisha nini.

Na mtaalamu ni nani? Marekani waliirekebisha Desemba 2023 kanuni yao ya ushahidi ya 702: jaji lazima aridhike kwanza kwamba njia aliyotumia shahidi mtaalamu inaaminika. Hapa Tanga nani atapanda kizimbani kueleza springi ya regyuleta?

Fundi Gesi, Chumbageni

Mimi.

Wakili, Bombo

Fundi, nakuheshimu, lakini swali langu la kwanza lingekuwa cheti, na la pili lingekuwa ulipima kwa kifaa gani.

Fundi Gesi, Chumbageni

Kwa povu la sabuni. Na haijawahi kunidanganya.

Nahodha wa Sahare

Nyote mnazungumza kama kila kitu kimepita bandarini kikalipiwa. Mwambao huu wetu, kuanzia Moa kushuka mpaka chini ya Pangani, una bandari bubu ngapi? Mzigo unashuka usiku, asubuhi uko sokoni na bei yake tamu. Huyo mwagizaji mtamsoma wapi jina? Mkiwabana wa halali, bei yao itapanda kwa sababu ya bima, na wa magendo atauza zaidi. Mtakuwa mmemzawadia yeye.

Duka la Barabara ya 12

Nahodha kasema kile nilichokuwa naogopa kukiandika.

Naagiza kwa Oda, Kange

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Mimi sina duka. Nauza vitu vya umeme Instagram, mteja analipa nusu, ajenti ananiletea kutoka China, mimi napokea na kukabidhi. Mimi niko wapi kwenye sheria hiyo? Nijuavyo mimi ni daraja tu.

Wakili, Bombo

Kijana, kwa pendekezo la aliyeanzisha mada wewe ndiye mwagizaji, tena wa kwanza kwenye foleni. Hoja yako ya daraja waliileta wakubwa kuliko wewe. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya California, kwenye kesi ya Bolger, ilikataa utetezi wa Amazon kwamba wao ni ukumbi tu: betri ya kompyuta iliuzwa na kampuni nyingine kupitia kwao, ikamuunguza mteja. Mahakama iliangalia nani alihifadhi, nani alipokea pesa, nani alifunga na kutuma. Jiulize hayo matatu kwa biashara yako.

Naagiza kwa Oda, Kange

Basi leo nimelala njaa.

Mwanzisha mada, Makorora

Nimesoma yote, na msimamo wangu uko pale pale.

Nahodha, magendo ni sababu ya kumpa mwenye duka sababu ya kuyakataa. Leo hana. Akinunua kwa mtu wa usiku au kwa mwenye karatasi, matokeo kwake ni yale yale: "mali ikishauzwa hairudishwi." Siku ikijulikana kwamba asiye na karatasi analipa mwenyewe, bei tamu ya usiku itaanza kuwa chungu. Si wote wataogopa, lakini wenye kibao mlangoni wataogopa, na sisi tunanunua kwao.

Fundi, matumizi mabaya yabaki kuwa utetezi. Ila ayathibitishe anayeyadai. Wakili amekubali mzigo uhamie kwa mwagizaji kwenye suala la bandia. Sioni kwa nini akatae uhamie hapa pia. Mwagizaji ana maelekezo ya kiwanda na sampuli za toleo lile lile, na pesa ya kumlipa mpimaji anayo. Jirani yangu ana regyuleta moja ndani ya mfuko wa rambo.

Kwa Barabara ya 12, kaka, ulilosema juu ya risiti ya "vifaa" ndilo zito kuliko yote humu, na sitalijibu kwa kukupuuza. Sheria ikianza na wewe itakuwa dhuluma. Ianze na muuzaji wa jumla: risiti yake isipotaja bidhaa na toleo, yeye ndiye ahesabiwe mwagizaji, awe aliagiza au hakuagiza. Wewe unabaki na risiti ile mbovu kama ushahidi dhidi yake. Muda wa mwaka mmoja upite hivyo, kisha sharti la karatasi lishuke kwenu wa rejareja. Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inagusa usalama wa bidhaa na wajibu wa mtengenezaji, hatuhitaji kujenga nyumba mpya. Hili linaweza kuingizwa humo.

Duka la Barabara ya 12

Hapo kwa muuzaji wa jumla umenipata. Lakini mwaka mmoja hautoshi. Mzigo nilionao stoo sasa hivi ni wa miezi minane na sina karatasi ya hata nusu yake. Utasema niutupe?

Mama Lishe, Mkwakwani

Hebu sema kwanza hizo regyuleta za stoo umezipima hata kwa hilo povu la Fundi?

Duka la Barabara ya 12

Mama, kesho aje Fundi, nitamlipa mimi. Za kuvuja nitazitoa. Lakini swali langu la mwaka mmoja bado halijajibiwa.